"Pembetatu Angani": Tathmini ya Onyesho la Usiku wa Mbalamwezi Kibirizi, Kigoma

Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika huwa hawaendi ziwani mwezi unapokuwa mpevu, kwa kuwa taa zao hazina nguvu ya kuwavuta dagaa wakati maji yote yamemulikwa kutoka juu. Ni katika siku hizo za kukaa nchi kavu ndipo banda moja la video la Kibirizi, kaskazini kidogo ya mji wa Kigoma, linapoonyesha mkusanyiko ambao mwenye banda ameupa jina la "Pembetatu Angani". Mkusanyiko huo una vipande vya taarifa za habari za zamani, mahojiano na mashahidi, picha za rada na video za simu, ambavyo yeye mwenyewe amevitafuta na kuvipanga vikachukua zaidi ya saa mbili, kisha huvisimulia kwa Kiswahili papo hapo akiwa na kipaza sauti, kama wanavyofanya watafsiri wa filamu katika vibanda umiza vya nchi nzima. Mada ni vyombo visivyojulikana vyenye umbo la pembetatu, ambavyo watu wengi kwa pamoja, wakiwamo askari polisi na wanajeshi, wamesema waliviona katika anga la Ubelgiji, Marekani na Uingereza tangu miaka ya 1980.

Nimeona inafaa onyesho hili liandikiwe tathmini ya haki, kwa sababu nusu yake ya kwanza ni kazi bora kuliko vipindi vingi vya runinga nilivyowahi kutazama juu ya jambo hili, ilhali nusu yake ya pili inabomoa kile kilichojengwa na ile ya kwanza.

Banda lenyewe ni la mbao na mabati, lina mabenchi yasiyo na egemeo, runinga bapa iliyotundikwa juu ya ukuta wa mbele, na spika mbili ambazo zingetosha kwa harusi. Kiingilio ni shilingi 1,000 kwa mtu mzima na 500 kwa mtoto, ingawa sioni kwa nini mtoto wa shule ya msingi awe hapo saa nne usiku. Nje ya mlango pana kijana wa kahawa na kashata, na mama mmoja anayekaanga migebuka kwa mawese, kiasi kwamba harufu huingia ndani na kukaa nanyi mpaka mwisho. Joto la ndani ni kali katika nusu saa ya kwanza, kisha upepo wa ziwani huanza kupita katikati ya mbao na hali inakuwa ya kuvumilika.

Wateja wote humwita mwenye banda Fundi, kwa sababu mchana hutengeneza simu na redio kwenye meza iliyo mlangoni mwa banda hilohilo. Sauti yake ni nzito na haina haraka, na hana ile tabia ya watafsiri wengi ya kupachika vichekesho kila mhusika anaponyamaza. Kipaza sauti amekizungushia leso ili kisivume. Anapoinua rimoti kwa mkono wa kushoto, wateja wa siku nyingi hunyamaza wenyewe, wakijua kwamba anakaribia kusimamisha picha na kuuliza swali, na maswali hayo ndiyo kitu cha thamani zaidi katika kiingilio chako.

Anaanza na Ubelgiji, na ni uamuzi sahihi, kwa kuwa hakuna mkasa mwingine wa aina hii ulioandikwa kwa kirefu kama huo. Jioni ya tarehe 29 Novemba 1989, karibu na mji wa Eupen, mashariki mwa nchi hiyo na si mbali na mpaka wa Ujerumani, askari wawili wa jandamari (polisi wa mfumo wa kijeshi), Heinrich Nicoll na Hubert von Montigny, walikuwa kwenye doria ya gari walipoona shamba la kando ya barabara limemulikwa kwa mwanga mkali usioelezeka. Juu ya shamba hilo, kwa maelezo yao, palikuwa na kitu kama jukwaa la pembetatu chenye taa kubwa tatu zinazoelekea chini katika pembe zake, na taa nyekundu ya kuwaka na kuzima katikati. Hakikuwa na mngurumo wa ndege. Walikifuata, wakawasiliana na kituo chao kwa redio, wakakiona kikielekea upande wa bwawa la Gileppe, na jioni hiyohiyo watu wengine wengi wa wilaya ile, wakiwamo askari wa doria nyingine, wakatoa taarifa zinazofanana na hiyo. Katika miezi iliyofuata taarifa zilimiminika, na shirika la kiraia lililoitwa SOBEPS, lililokuwa likichunguza matukio ya namna hii, likakusanya kiasi cha 2,000 kwa maandishi.

Hapo Fundi alisimamisha picha, akachukua chaki, akachora duara tatu juu ya ubao mweusi ulio chini ya runinga, na hakuziunganisha kwa mstari. Akauliza ni nini hasa askari wale waliona. Ukumbi ukajibu kwa pamoja kwamba waliona pembetatu. Akasema hapana, usiku waliona taa, na kama waliona pia mwili ulioshika taa hizo ndilo swali la usiku mzima, kwa hiyo kila tutakapofika tuulize hilo kwanza. Wengine katika Ubelgiji, alieleza, walidai waliona mwili wenyewe, mweusi au wa kijivu. Wengine waliona taa peke yake na umbo wakalijaza wao. Taarifa za makundi haya mawili hazina uzito sawa, na mara nyingi huwekwa katika kapu moja.

Mzee mmoja mvuvi aliyekaa benchi la mbele hakungoja aulizwe. "Fundi, simama hapohapo," alisema. "Sisi gizani tukiona taa tatu kwa mbali hatusemi tumeona kitu. Tunauliza kwanza: hivi ni vipe vitatu, au ni kipe kimoja chenye taa tatu?" Kipe, kwa msomaji asiye wa huku, ni mitumbwi iliyounganishwa kwa miti ili wavu ushushwe katikati yake, na taa huning'inizwa juu ya maji kuwavuta dagaa. Kijana mmoja wa nyuma akamuuliza, "Sasa baba, mnajuaje?" Mzee akanyoosha vidole vitatu na kuvitikisa. "Unazitazama zinavyoyumba. Taa za chombo kimoja huyumba pamoja. Za vyombo vitatu, kila moja hucheza na wimbi lake. Ukikosea hapo, umekwenda kuvaa wavu wa mwenzio."

Fundi alimshukuru, akaendelea na onyesho, na nadhani hakutambua kwamba alikuwa amepewa bure kipimo ambacho kingeweza kulishika onyesho lake lote kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nitarudi kwenye kipimo hicho, maana ndicho nilichotumia kuipima nusu ya pili.

Kuhusu usiku wa kuamkia tarehe 31 Machi 1990, sijawahi kusikia ukisimuliwa kwa Kiswahili vizuri kama alivyousimulia yeye. Askari jandamari wa maeneo ya kusini mashariki mwa Brussels walitoa taarifa ya taa zisizo za kawaida, vituo vya rada vya Glons na Semmerzake vikaona alama, na muda mfupi baada ya saa sita usiku ndege mbili za kivita aina ya F-16 zikaruka kutoka kambi ya Beauvechain. Rada za ndege hizo zilinasa shabaha mara kadhaa, kila mara kwa sekunde chache tu, na katika mojawapo vipimo vilionyesha kitu kikiongeza mwendo kutoka kiasi cha kilomita 280 kwa saa hadi zaidi ya 1,700 huku kikishuka kuelekea ardhini. Ndege ikivuka kasi ya sauti hutoa mshindo unaotikisa madirisha. Usiku ule hakuna aliyesikia mshindo wowote, na marubani wenyewe hawakuona chochote kwa macho yao.

Jeshi la Anga la Ubelgiji halikuyaficha hayo. Kanali Wilfried De Brouwer, aliyekuwa mkuu wa operesheni na ambaye baadaye alipanda cheo hadi kuwa meja jenerali, aliwaonyesha waandishi wa habari picha za rada Julai 1990, na Fundi anacho kipande cha mkutano huo. Watafsiri wengi huishia hapo na kuacha watu wakishika vichwa. Yeye alikwenda hatua inayofuata: wataalamu waliozichambua kanda za rada baadaye waligundua kwamba katika minaso mitatu ndege moja ilikuwa imeinasa ndege mwenzake, na minaso mingine wakaihusisha na hali ya hewa ya usiku ule, kwa kuwa tabaka za hewa zenye joto na unyevu tofauti huweza kurudisha mawimbi ya rada kana kwamba pana kitu. "Mwindaji alikuwa amemnusa mwindaji mwenziwe," alisema Fundi, na sentensi hiyo moja ilieleza jambo ambalo makala nzima nzima hushindwa kulieleza.

Kisha ikaja picha ya Petit-Rechain. Ni picha mashuhuri kuliko zote za mkasa huu: pembetatu nyeusi, taa nyeupe katika kila pembe, na taa nyekundu katikati. Ilisemekana ilipigwa Aprili 1990, ikazunguka dunia, na kwa zaidi ya miaka ishirini wapo waliodai kwamba uchunguzi wa kitaalamu haukuona udanganyifu ndani yake. Fundi aliiacha kwenye runinga kwa muda mrefu bila kusema neno, watu wakasogea mbele, mmoja akapiga picha ya runinga kwa simu yake. Ndipo akaweka kipande cha mwaka 2011 ambamo aliyeitengeneza anakiri hadharani kwamba kilikuwa kipande cha polistireni, yaani plastiki nyepesi, kilichopakwa rangi, kikatobolewa, kikawekwa taa na kuning'inizwa. "Tumepigwa!" alipaza sauti mtu wa nyuma, na banda zima likaangua kicheko. Mpangilio huo ni wa mtu anayeijua kazi yake, maana aliacha watu waamini kwanza ili waone wenyewe jinsi kuamini kulivyo rahisi, na alifanya hivyo pasipo kuwadharau wale askari wa Eupen, ambao hawakuwa na uhusiano wowote na picha ile na ushahidi wao hauanguki kwa sababu kijana mmoja alicheza na polistireni.

Lau onyesho lingeishia hapo, ningewashauri watu wa Mwanga, Katonga na Ujiji waje wote.

Baada ya mapumziko mafupi ya kahawa Fundi anahamia Marekani, na ghafla chaki haionekani tena. Mkasa wa Phoenix, Arizona, wa tarehe 13 Machi 1997, anausimulia kama tukio moja la kitu kimoja kikubwa kama uwanja wa mpira, kilichopita juu ya mji na kusimama angani mbele ya maelfu ya watu. Ukweli ni kwamba usiku ule ulikuwa na matukio mawili. La kwanza lilikuwa kati ya saa mbili na saa tatu usiku, pale taa chache zilizopangika kama ncha ya mshale zilipopita kutoka upande wa Nevada kuelekea kusini mashariki. La pili lilikuwa saa nne, pale mstari wa taa kali ulipotokea kusini magharibi mwa mji, ukaning'inia, kisha taa zikazimika moja baada ya nyingine. Taa za saa nne ndizo zilizorekodiwa na watu wengi na ndizo zinazoonyeshwa kila mahali, na zilielezwa mwaka uleule: zilikuwa mienge ya kijeshi inayoshushwa kwa parachuti, iliyodondoshwa na ndege za A-10 za kikosi cha akiba cha Maryland zilizokuwa mazoezini kwenye eneo la mafunzo la Barry Goldwater. Zilizimika moja moja kwa sababu zilikuwa zikitoweka nyuma ya milima.

Taa za saa mbili zina utata zaidi, na hapo ndipo kipimo cha yule mzee kingefaa. Wapo mashahidi waaminifu walioeleza kwamba waliona mwili mweusi ukiziba nyota. Lakini kijana mmoja mpenzi wa elimu ya nyota, Mitch Stanley, alizielekezea taa zilezile darubini yake kubwa uani kwao, akaona kila taa ni ndege yake, na hakuona sababu ya kuendelea kutazama. Tena video iliyochukuliwa wakati ule inaonyesha taa zikibadilisha nafasi zao, hii ikisogea kidogo huku ile ikibaki nyuma, jambo ambalo taa zilizofungwa juu ya mwili mmoja haziwezi kulifanya. Kila moja ilikuwa ikicheza na wimbi lake. Fundi anayo video hiyo! Ilipita kwa sekunde chache katika onyesho lake, chini ya muziki wa kutisha ambao kwa kweli ungeondolewa kabisa, na hakuinua rimoti.

Badala yake alitumia dakika nyingi kwa gavana wa jimbo hilo, Fife Symington, ambaye mwaka 1997 aliitisha mkutano na waandishi akamleta msaidizi wake amevaa vazi la kiumbe wa sayari nyingine, watu wakacheka, kisha mwaka 2007 akasema kwamba hata yeye usiku ule aliona chombo kikubwa kisichoelezeka. Kisa hicho kinafurahisha na kinasema mengi kuhusu wanasiasa. Kuhusu taa hakisemi kitu.

Kosa la namna hiyo linajirudia Uingereza. Fundi alitangaza kwa sauti ya chini kwamba usiku wa tarehe 30 kuamkia 31 Machi 1993, miaka mitatu kamili baada ya zile F-16 kuruka, "pembetatu ilirudi", safari hii juu ya kambi ya jeshi la anga ya Cosford na sehemu nyingi za magharibi mwa Uingereza. Banda likaguna. Hakusema kwamba usiku uleule mabaki ya roketi ya Kirusi iliyopeleka juu setilaiti ya Cosmos 2238 yaliingia katika angahewa na kuungua, na kwamba saa na mwelekeo vinalingana na taarifa nyingi za mashahidi. Mabaki ya roketi yanapoungua hayaanguki kwa kasi ya kimondo. Hupita polepole, kimya, vipande vikifuatana kwa mwendo unaokaribiana, na macho ya binadamu huvifunga katika mwili mmoja. Jambo hili lilikuwa limeshaonekana zamani. Tarehe 3 Machi 1968 mabaki ya roketi iliyorusha chombo cha Kisovieti cha Zond 4 yaliungua juu ya majimbo kadhaa ya Marekani, na baadhi ya watu waliotazama waliandika kwamba waliona chombo kirefu chenye madirisha yanayowaka taa ndani. Hawakuwa waongo wala walevi. Taa zilikuwapo, na madirisha yaliongezwa na akili iliyozoea kwamba taa zilizopangwa mstari huwa na kitu kinachozishika.

Kasoro iliyoniudhi zaidi ni ile ya video ya jeshi la majini la Marekani, iliyochukuliwa Julai 2019 kutoka kwenye manowari USS Russell na kuvuja mwaka 2021. Inaonyesha pembetatu za kijani zinazowaka na kuzima juu ya meli, na Wizara ya Ulinzi ilithibitisha kwamba kweli ilichukuliwa na wanamaji wake. Fundi aliishia hapo, na kwa wengi uthibitisho huo ulitosha kabisa. Ila tarehe 17 Mei 2022 Scott Bray, naibu mkurugenzi wa ujasusi wa jeshi la majini, aliliambia Bunge la Marekani kwamba umbo la pembetatu lilitokana na mwanga kupita katika miwani ya kuonea usiku kisha kurekodiwa kwa kamera, na kwamba vitu vyenyewe walivihusisha na ndege zisizo na rubani. Kamera ambayo haijalenga sawasawa huigeuza nukta ya mwanga ikawa na umbo la tundu linalopitisha mwanga huo. Tundu likiwa la pembe tatu, kila nyota itakuwa pembetatu. Katika video ileile nyota za kawaida nazo zina pembe tatu. Fundi hubadilisha kamera za simu kila siku pale mezani kwake, na angeweza kuwaonyesha watu jambo hili kwa karatasi yenye tundu na taa ya mkononi katika muda wa kunywa kikombe kimoja cha kahawa. Kwamba yeye, kati ya watu wote wa Kibirizi, aliliacha lipite, siwezi kulisamehe kirahisi.

Nadharia ya ndege za siri aliitendea haki zaidi. Alieleza kwamba ndege ya F-117, yenye umbo la karibu na pembetatu, iliruka kwa siri tangu 1981 na Marekani ikaikiri hadharani Novemba 1988, na kwamba ile ya B-2 iliruka kwa mara ya kwanza tarehe 17 Julai 1989, miezi minne tu kabla ya Eupen, kwa hiyo si ujinga mtu kufikiria kwamba Wabelgiji waliona kitu cha aina hiyo. Alieleza pia pingamizi zake: ndege hizo haziwezi kusimama angani wala kwenda mwendo wa baiskeli juu ya shamba, na Marekani iliiambia Ubelgiji kwamba haikuwa ikirusha ndege za aina hiyo katika eneo lile. Wapo watafiti wanaoona kwamba baadhi ya taarifa zinaelezwa vizuri zaidi na helikopta. Alimtaja Chris Gibson, aliyekuwa kwenye mtambo wa mafuta katika Bahari ya Kaskazini Agosti 1989 na kuona mchana kweupe pembetatu nyembamba ikiwa pamoja na ndege ya kujaza mafuta ya KC-135 na ndege mbili za F-111. Gibson alikuwa amefunzwa kutambua ndege na alichora alichokiona, hivyo ushahidi wake ni wa daraja jingine kabisa. Waliohusisha mchoro huo na ndege ya kisirisiri iitwayo Aurora walitegemea jina lililoonekana katika hati ya bajeti ya mwaka 1985, ambalo Ben Rich, mkuu wa zamani wa Skunk Works, kitengo cha miradi ya siri cha kampuni ya ndege ya Lockheed, alisema lilikuwa jina la kuficha fedha za zabuni ya B-2. Fundi aliyasema haya yote vizuri, kisha akaharibu kwa kuingiza TR-3B, chombo kinachodaiwa kupunguza uzito wake kwa zebaki inayozungushwa, na kukipa muda uleule aliompa Gibson. Chanzo cha TR-3B ni maneno ya mtu mmoja, Edgar Fouche, na michoro ya kompyuta. Havikai kwenye benchi moja.

Ripoti ya Wizara ya Ulinzi ya Uingereza kuhusu vyombo visivyojulikana, iitwayo Condign, iliyokamilika mwaka 2000 na kutolewa kwa umma mwaka 2006, aliipitia haraka, na sikulalamika, kwa kuwa maelezo yake ya kwamba pembetatu nyeusi ni hewa yenye chaji ya umeme yaliwaacha hata wanasayansi wengi wakitikisa vichwa. Ripoti ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani ya Machi 2024, iliyopitia kumbukumbu za tangu 1945 na kusema haikupata ushahidi wa teknolojia ya viumbe wa nje ya dunia, hakuitaja kabisa. Ni haki ya mtu kutoiamini ripoti ya serikali, ila aisikie kwanza.

Kuna jambo moja zaidi ambalo onyesho linaliacha nje na ambalo watu wa Kibirizi wangelipenda kuliko yote. Kuanzia 1976 jeshi la majini la Marekani lilirusha setilaiti za kufuatilia meli baharini zilizosafiri tatu tatu kwa mpangilio wa pembetatu, kiasi cha kilomita 1,100 juu ya dunia, na China nayo imerusha setilaiti za Yaogan zinazokwenda tatu tatu kwa namna hiyo tangu 2010. Njia yake inapita juu ya nchi nyingi, Tanzania ikiwamo, na palipo giza la kutosha, muda kidogo baada ya machweo au kabla ya alfajiri, huweza kuonekana kama nukta tatu hafifu zinazokwenda pamoja kimya kabisa, na nyota zilizo kati yake zikionekana wazi. Mvuvi anayekesha ziwani ana nafasi nzuri ya kuziona kuliko mtu yeyote wa mjini. Anachohitaji kutazama ni kama kuna nyota ndani ya pembetatu hiyo, na kama umbo lake linabadilika kidogo kidogo linapovuka anga. Naongeza sayari ya Zuhura, ambayo katika miezi yake ya jioni hukaa juu ya milima ya Kongo na kung'aa hata watu wazima wakasema ni chombo kimesimama.

Baada ya onyesho nilimweleza Fundi haya, wakati akikunja waya. Alinisikiliza kwa adabu, akasema, "Mwalimu, nakuelewa, lakini nikieleza kila kitu watu hawatarudi. Wanataka kutoka na kitu." Nikamwonyesha mlango. Wavuvi walikuwa bado wamesimama nje wakibishana, na ubishi wao haukuhusu Phoenix wala TR-3B. Walikuwa wakibishana na yule mzee kama kweli taa za kipe kimoja huyumba pamoja siku ya upepo wa kusini, au kamba zikilegea nazo hutawanyika. Fundi akatabasamu, akasema atafikiria kuigawa Phoenix mara mbili na kumpa mzee kipaza sauti.

Kwa anayetaka kwenda, onyesho huanza saa mbili usiku, na siku hutangazwa kwa chaki kwenye mlango wa banda pale mwezi unapokaribia kujaa. Kaa benchi la tatu au la nne, maana la mbele liko chini ya spika na la mwisho linapokea moshi wa kikaangio. Vaa mikono mirefu kwa ajili ya mbu. Anayetokea Ujiji au Mwanga akubaliane kabisa na mtu wa bodaboda amfuate, kwa kuwa baada ya saa tano usafiri wa kutoka Kibirizi ni wa kubahatisha na bei hupanda. Na asiyetaka kuchelewa anaweza kuondoka wakati wa mapumziko ya kahawa, akiwa ameshapata sehemu iliyo bora.